Kadi za Maua na Mlango wa Bagara

Jumanne, 3 Juni

Vichwa vitatu vya bango la kinyozi vimeisha kuchorwa. Cha nne, sikio limekataa. Nimelifuta mara mbili, bado linakaa shavuni. Nimeliacha. Mwenye saluni akiuliza nitasema ndiyo staili ya sasa.

Saa nne barua pepe kutoka Arusha. Mfadhili amesogeza mradi mpaka mwaka wa fedha ujao. Nimeisoma nikiwa na brashi mkononi, rangi ikanidondokea kiatuni. Miezi minane ya kujaza fomu. Safari mbili za Arusha kwa nauli yangu. Amesogeza.

Kibali cha ofisi ya mji ninacho mfukoni, kina mhuri. Kazi tano za sanaa, maeneo matano ya wazi, kuanzia tarehe 30 Juni hadi 13 Julai, kisha kila kitu kiondolewe na maeneo yaachwe safi. Siku kumi na nne tu. Na hizo hazisogei.

Nimetembea kutoka kibandani kwangu Bagara mpaka ziwani, nikarudi, nikaenda tena. Nikikaa nitalia, na kinyozi anataka bango lake kesho.

Alhamisi, 5 Juni

Hamisi kaja kuuliza kama aanze kukata vyuma. Ni fundi wa kuchomelea, vibanda vyetu vimepakana mwaka wa kumi na moja huu, na kila kitu nilichobuni bila yeye kingebaki karatasini. Nimemwambia hela hakuna. Akasema poa, akaendelea kusimama palepale akitazama ukuta.

Ukutani kuna michoro mitano tangu Januari. Mlango unaosimama peke yake kwenye uwanja wa Bagara, hauna nyumba, lakini unafunguka. Viti vya chuma ukingoni mwa ziwa, vimetazama maji. Paa la viroba vya mbolea juu ya njia ya soko. Madumu ya Nangara yaliyoning'inizwa yagongane kwa upepo. Na fremu ya dirisha huko Sigino, karibu na kwa mama, ukichungulia unaona shamba la mbaazi kana kwamba mtu amelichora. Halafu karatasi yenye ramani, kila mtu azitafute mwenyewe kwa miguu yake.

Ni kitu cha kijinga. Nakitaka mpaka mikono inaniwasha.

Jumatatu, 9 Juni

Nilikwenda kununua tapentaini, nikaishia kumwambia Baba Rukia kila kitu. Ana duka la vifaa vya ujenzi, babu yake alikuja hapa na biashara kutoka Tanga, na rangi zangu zote natoa kwake. Alinisikiliza huku anapima misumari ya mteja. Akamaliza, akafunga mfuko, akasema, "Fundi, umeona lini harusi katika mji huu imekwama kwa kukosa mfadhili?"

Kwa maelezo yake watu hawachangii mradi. Wanachangia kadi. Unda kamati, chapisha kadi, weka mstari wa ahadi, mpe mtu mkononi huku unamtazama. Yeye atakuwa mwenyekiti, Hamisi mweka hazina, mimi mwenye shughuli.

Nimecheka peke yangu njia nzima. Nilipofika kibandani nikawa nimeshaacha kucheka na nimeanza kuandika majina.

Jumatano, 11 Juni

Kadi mia mbili zimetoka. Mchapishaji katumia kadi ileile ya siku zote: mawaridi mawili pembeni, utepe wa dhahabu, jina langu katikati kwa herufi za kujikunja. EDITHA BURA. Chini yake, maandishi madogo kama sisimizi: kamati ya maandalizi inakuomba mchango wako wa hali na mali ili kufanikisha maonyesho ya sanaa mjini Babati. Mstari wa ahadi. Namba ya Hamisi.

Nilitaka zirudi zikafanywe upya. Baba Rukia akasema ukiyaondoa maua watu hawatajua kwamba hiyo ni kadi.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Riziki yangu ni kujua jicho la mtu linatua wapi kwanza. Niliziona zile kadi vizuri kabisa, na nikazichukua.

Jumatatu, 16 Juni

Simu ya Hamisi haipumui kwa meseji za michango. Siku tano tu. Arusha miezi minane, Babati siku tano. Vyuma vimenunuliwa. Mlango nimeupata: wa mninga, wa nyumba iliyobomolewa, mzito, bawaba zake nzima. Nimeanza kuupaka bluu.

Sokoni wanawake wananishika kwa mikono miwili. Mama Glori, muuza mchele, kalipa papo hapo, hakuandika hata ahadi. Kaniambia, "Sisi tulishakata tamaa na wewe, dada." Nikajibu kwamba hata mimi nilishakata tamaa. Akafuta macho. Nikajiuliza huyu sanaa kaanza kuipenda lini.

Jumanne, 17 Juni

Nimeelewa.

Fundi cherehani wa mtaa wetu kanisimamisha na futi yake shingoni, anataka kujua gauni ni la kukodi au la kushona, maana kama ni la kushona muda umekwisha. Nilisimama pale nimeshika mfuko wa nyanya.

Kadi ya mchango haisomwi. Mtu anaangalia jina, anaangalia mstari wa ahadi, anaichomeka kwenye kioo cha kabati. Nami ndivyo ninavyofanya. Maneno "maonyesho ya sanaa" wamesoma wangapi? Labda watatu. Mji mzima unanioza. Mume nimeshapewa: ni mtu wa Arusha, kwa sababu mwaka huu nimekwenda Arusha mara mbili nikiwa nimesuka.

Nina miaka arobaini na moja. Wenzangu wote ni Mama Fulani. Mimi ni dada, au fundi. Niliona nimeshazoea.

Hamisi kumbe alijua tangu Jumamosi. Hakusema. Nimemfokea. Kisha nikamuuliza vyuma vya viti vitakatwa lini.

Jumatano, 18 Juni

Sijasema kwa mtu.

Alhamisi, 19 Juni

Sijasema. Viti vitatu vimekamilika. Ni vizuri sana. Nakasirika kwamba ni vizuri.

Ijumaa, 20 Juni

Nyuma ya mlango wa chumba changu hapa Nangara kuna msumari mrefu. Nimechomeka hapo kila kadi ya harusi niliyochangia tangu nihamie mjini. Leo nimezishusha zote, nikazitandaza kitandani, nikachukua orodha ya Hamisi.

Majina ni yaleyale. Karibu yote. Mama Glori yumo, na wadogo zake wawili. Fundi cherehani yumo. Yumo hata yule dada wa duka la dawa ambaye tulikosana.

Hawa hawachangii, wananirudishia. Wamekaa miaka na kitu changu mkononi, wakisubiri siku yangu ifike wanipe, na siku haikufika. Ndiyo maana walilipa haraka vile. Nami nimekipokea nikijua. Siku tatu nimekuwa nikijua.

Nimefagia chumba mara mbili. Kilikuwa kisafi.

Jumapili, 22 Juni

Mama.

Alikuja na bajaji kutoka Sigino, moja kwa moja baada ya misa, na mzigo mapajani. Nilitoka na shikamoo yangu mdomoni, akaikatiza kwa kunikumbatia. Mama hakumbatii watu.

Kafungua mzigo kitandani. Jora la kitenge, kijani chenye ndege wa njano, limeshakatwa vipande sita. Sare. Cha kwake, vya mama wadogo wawili, vya mashangazi watatu. Kauza kondoo wawili. Kashawaambia watu wa jumuiya, na mwenyekiti wa jumuiya keshapanga nani atapika. Alikuwa anaongea Kiiraqw harakaharaka, kama anavyoongea akiwa na furaha. Hakuuliza mwanaume ni nani. Alisema tu kwamba huyo mtu angepita nyumbani kusalimia kwanza, lakini watu wa sasa wana mambo yao. Akasema miaka yote amekuwa akivaa sare za watoto wa wenzake. Akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja.

Nilimwambia. Kwa Kiswahili, maana kwa Kiiraqw maneno hayakuja. Nilimwambia na lile la pili, kwamba tangu Jumanne nilijua na nilinyamaza.

Akakunja kitenge. Akakunja tena. Kila kipande kivyake, akivipanga pembe kwa pembe. Kisha akasema, "Kumbe ni mabango."

Chai nilikuwa nimeshaimimina. Hakuigusa. Nilimfuata mpaka kona, bajaji ikaondoka, hakugeuka. Nimesimama pale kona muda mrefu, watu wakanipita wakinipongeza.

Jumatatu, 23 Juni

Nimezunguka mji mzima kurudisha. Hamisi kaja nami, kanibebea orodha.

Baba Rukia kakasirika. Anasema kamati haijavunjwa, na mwenye shughuli harudishi michango, ni matusi. Nikamwambia yeye ndiye aliyesema maua yabaki. Akajifanya anahesabu vitasa. Lakini maua niliyaona mimi, na kunyamaza nilinyamaza mimi. Nimemwambia na hilo.

Fundi cherehani kachukua chake. Dada wa duka la dawa kachukua, akanirudishia na kadi. Wengine walicheka, wakakataa kuchukua. Mmoja kanifungia geti.

Mama Glori alikuwa anapepeta. Nilimweleza nikiwa nimesimama, akaendelea kupepeta mpaka nikamaliza. Nikaweka noti juu ya kiroba. Akazitazama.

"Ulinichangia mimi," akasema. "Ukawachangia wadogo zangu wote wawili. Sasa usipoolewa mimi nikurudishie lini?" Kanisukumia noti. Nikafikiri tumemaliza, nikageuka. Akasema, "Ila ungesema, dada."

Ningepigwa kofi ningejisikia nafuu.

Ijumaa, 27 Juni

Kilichobaki kinatosha kazi zote tano, kwa kubana. Viti vitakuwa sita badala ya kumi. Baba Rukia katoa saruji bila kuongea nami, kaiweka nje ya duka na jina langu juu kwa chaki.

Mama nimempigia mara sita tangu Jumapili. Haikatwi. Inaita mpaka inachoka.

Leo tumechimba mashimo ya dirisha Sigino. Ni hatua kama hamsini kutoka kwake. Jiko lake lile la nje, moshi ulikuwa unatoka. Halina mlango, lina gunia lililotundikwa, tangu nikiwa mtoto ni gunia, yanabadilishwa tu. Niliona gunia linasogea kidogo. Kisha likatulia. Nimechimba nikiwa nimeligeuzia mgongo ili Mama asione uso wangu.

Shangazi mkubwa kaja na uji kwenye jagi. Kampa Hamisi kikombe. Mimi kaniwekea changu chini, kwenye udongo, karibu na sururu. Nimekunywa.

Jumatatu, 30 Juni

Zote tano zimesimama. Saa mbili asubuhi ramani zilikuwa dukani kwa Baba Rukia, saa tano zimekwisha, tukatoa nyingine.

Siwezi kukaa mahali. Nimepanda bodaboda mpaka pesa ya boda imeisha. Nangara madumu hayalii, upepo hakuna. Sokoni viroba vimekaa vizuri, jua linapita humo na kina mama wa mboga wana nyuso za rangi ya machungwa. Ziwani watu wanaogopa kuvikalia viti, wanauliza ni vya kiongozi gani.

Bagara mlango umesimama peke yake, wa bluu. Watu wanauzunguka kwanza. Wanaangalia nyuma yake kuna nini. Nyuma ni uwanja uleule. Kisha wanafungua, wanapita, wanafunga. Hakuna anayeuacha wazi.

Sigino sikwenda.

Alhamisi, 3 Julai

Kiboko katoka ziwani na kupindua viti viwili. Kimoja kakikanyaga. Asubuhi watu wamejaa kuliko siku zote, wengine wanasema kakasirika, wengine wanasema alitaka kukaa. Hamisi kataka kukinyoosha, nikamwambia kiache.

Walionigeuzia mgongo wanakuja. Yule wa geti nimemwona Bagara, kasimama mlangoni na mtoto wa dada yake, anamwonyesha kitasa. Alipoondoka alikipangusa kwa kanga. Waliochangia wote wana tabia hiyo. Wanazikagua zile kazi kama watu wanaoangalia kama nyama iliyopikwa inawatosha wageni. Mzee mmoja kanikemea kwamba dumu la tatu Nangara kamba yake imelegea. Nimekwenda kuikaza. Alikuwa anasema kweli.

Furaha ninayo. Haikai. Kila mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe namfuata nimtazame usoni kama ni Mama.

Jumapili, 6 Julai

Nilikuwa ziwani Hamisi aliponipigia. Alisema tu, njoo mlangoni.

Wanawake sita, kitenge kijani chenye ndege wa njano. Wamekuja na ramani. Shangazi mkubwa ndiye aliyeishika, kaigeuza juu chini, na Mama anamwelekeza kwa kidevu. Walianzia dirishani Sigino, wakapita Nangara, wakapita sokoni. Mama Glori kawaona, kaacha mchele wake, kawafuata. Wengine wakafuata. Walipofika Bagara walikuwa msafara, na waliokuwa pale wakawapisha, wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Sikusogea. Nilisimama kwenye ukuta wa duka la soda, nimebana mkoba.

Mama kauzunguka mlango kama watu wote. Kaangalia bawaba. Kagonga ubao kwa vifundo vya vidole, juu, katikati, chini. Kisha kafungua, kapita, kaufunga nyuma yake. Kasimama upande wa pili kidogo, simwoni, naona ncha ya kitenge tu chini. Shangazi mkubwa akapiga kigelegele. Kimoja tu, kirefu. Wale wengine wakaitikia, na Mama Glori, na uwanja mzima wa Bagara.

Kafungua akarudi. Kamuuliza Hamisi ni mti gani. Hamisi akasema mninga, mama. Akaitikia kwa kichwa. Kwangu alitazama mara moja, pale nilipo, kumbe alijua muda wote nilipo. Wakapanda bajaji mbili.

Hamisi kaniletea soda. Niliishika mpaka ikapata moto.

Jumapili, 13 Julai

Tumeondoa. Kibali kimesema eneo liachwe safi, tumeliacha safi kuliko tulivyolikuta. Viroba kachukua Mama Glori. Madumu yamerudi kwa wenyewe. Viti vitano vimekwenda kwenye zahanati, maana pale watu husubiri wakiwa wamesimama. Kile cha kiboko kiko kibandani kwangu.

Mchana tumevunja kamati kwa pilau, nyumbani kwa Baba Rukia. Kahutubia. Kasema katika harusi zote alizozisimamia hii ndiyo pekee ambayo bibi harusi alishinda amechafuka rangi. Nimecheka nikalia, wakanipa leso.

Wakati huo mlango peke yake tulikuwa bado hatujaung'oa, tuliung'oa jioni. Nilikuwa nafikiria kuuuza. Simu ikaita, shangazi mkubwa. Hakusalimia. Kasema Mama anauliza ule mlango unakwenda wapi.

Jumamosi, 19 Julai

Kirikuu ya kukodi, kile kigari cha mizigo, mimi na Hamisi na mlango mpaka Sigino. Mbaazi zimerefuka. Kwenye mashimo ya dirisha nyasi bado hazijaota.

Gunia la mlango wa jiko lilikuwa limeshatolewa, limekunjwa juu ya jiwe. Mama kavaa kile kitenge, kakifunga kiunoni juu ya gauni la kazi, kina masizi tayari. Kaitikia shikamoo yangu. Marahaba, basi. Fremu ilikataa upande mmoja, ukuta umepinda, Hamisi akachonga, nikapaka udongo, mchana ukaisha. Hamisi akaondoka na gari. Mimi nikabaki naokota misumari.

Mama kaufungua mlango, kaingia ndani, kaufunga. Nilisikia komeo.

Nimesimama nje na misumari mkononi. Kisha kuni zikasogezwa, kifuniko cha sufuria kikawekwa.

Nikapiga hodi.

Kifuniko kikafunuliwa, kikarudishwa.

Nikapiga tena.

"Nani?"

"Mimi. Editha."

"Editha wa nani?"

"Wako, mama."

Alikawia. Komeo likavutwa. Aliniangalia miguu kwanza, ina tope, kisha akasogea pembeni nipite. Akakung'uta kigoda kwa ncha ya kitenge, akanimiminia chai.